Nani Alikuona Ukimaliza Mario?

Msyuu! Ukitaka kujua kwamba watu wa rika letu wameanza kuzeeka, litaje neno gemu hapa kijiweni. Mtu ana kitambi, ana mkopo, ana binti kidato cha pili, lakini akisikia Mario anakaa wima na dole gumba linaanza kucheza lenyewe. Kinachofuata unakijua: gemu za siku hizi si gemu, watoto wa siku hizi si watoto, sisi bwana ndio tulicheza.

Tulicheza? Aka! Hapo ndipo nami nasonya.

Tuambizane ukweli, maana hapa benchini hakuna mgeni. Wengi wetu hatukucheza gemu, tulitazama gemu. Mtaa mzima mashine moja, pedi mbili, sebule imejaa na wengine wananing'inia dirishani. Hesabu zamu mwenyewe. Mwenye mashine anacheza kila raundi kwa sababu ni kwao. Mdogo wake naye anacheza, maana akinyimwa atalia, na akilia mama atatoka jikoni kuzima. (Wajanja walimpa yule mdogo pedi isiyochomekwa, akabonyeza jioni nzima akishangilia roho za mwenzake.) Kuna rafiki mkubwa wa mwenye mashine, yule anayemwazima baiskeli, naye ana haki zake. Nyie mliobaki kazi yenu kusema "ruka!" na "shimo hilo!", halafu kunyamaza mkiambiwa mna nuksi. Ikifika zamu yako unapokea pedi iliyolowa jasho la wenzako, stelingi anapiga hatua tatu nne, anakutana na kile kiuyoga chenye miguu pale mwanzo kabisa. Kwisha. "Leta pedi." Na ulikuwa unasubiri tangu mchana!

Ndiyo maana nikisikia mtu anatamba alimaliza Mario, mimi huuliza swali moja tu: nani alikuona?

Ubishi wa safari hii aliuanzisha dogo wa bodaboda. Kijana wa watu hana abiria, kakaa juu ya pikipiki yake, katoa simu. Mario huyo! Yuleyule wa 1985, na rangi zake zilezile. Dogo anasema humo ndani ana gemu za zamani mamia, zote kwenye simu moja. Tukasogea. Tukaona anavyocheza. Akikaribia shimo anagusa kona ya kioo, gemu inahifadhiwa papo hapo. Akitumbukia anagusa tena, yuko juu ya ukingo, mzima. Anaruka, anakufa, anafufuka, anaruka. Kisha anatugeukia: "Mabraza, hii si nyepesi tu? Mlikuwa mnalilia nini?"

Lo! Fundi viatu aliachia sindano.

Ikabidi dogo aelezwe kufa maana yake nini. Mario alikuwa na roho tatu. Dunia nane, kila dunia hatua nne, jumla 32, na hakuna mahali pa kuhifadhi chochote. Kuna saa inayoanzia 400 kurudi nyuma, na usidhani zile ni sekunde. Zinakwenda mbio kuliko sekunde yoyote niliyowahi kuiona. Ukizimaliza roho, unarudi dunia ya kwanza, kwa kile kiuyoga. Kulikuwa na njia ya siri, kushikilia kitufe cha A ukibonyeza cha kuanzia, ukaanza tena kwenye dunia uliyofia. Mtaani kwetu hakuna aliyeijua. Na umeme je? Mtu yuko dunia ya sita, sebule imekaa kimya, hata wa dirishani wameacha kusukumana, mara feni inapunguza mwendo. Giza. Hakuna aliyepiga kelele. Tulitoka nje mmoja mmoja, na yule mchezaji tulimpa pole ya kweli, kwa sababu tulipoteza wote.

"Ila kufika dunia ya nane tulifika," fundi viatu akasema, kifua mbele.

Kwa bomba! Naye hawezi kukataa. Hatua ya pili ya dunia ya kwanza, ile ya chini ya ardhi, unapanda juu ya matofali, unakimbia juu ya dari lenyewe mpaka unakuta mabomba matatu: dunia ya pili, ya tatu, ya nne. Ukiingia la nne, mbele kidogo kuna siri nyingine, unatokea ya nane. Dunia za katikati hujazionja. Huko ni kudandia lori, huwezi kusema umetembea.

Mzee wa kahawa, ambaye ni mtu wa Unguja na hapendi kupitwa na mazungumzo, akagonga vikombe vyake. "Nyie watu wa bara maneno mengi. Sie Unguja tulikuwa na televisheni ya rangi tokea mwanzoni mwa miaka ya 1970. Nyie mpaka ITV ianze 1994 ndipo mkajua sebule ina kona."

"Sasa mzee, mlikuwa na Mario?"

"Mario wa nini? Tulikuwa na keramu."

Lakini kagusa penye ukweli. Huku kwetu kabla ya hapo, mwenye TV aliiweka kwa ajili ya deki. Stesheni zilipoanza kurusha matangazo, TV zikaingia nyumba nyingi zaidi, na nyuma ya TV ikaja mashine ya gemu. Mashine yenyewe Nintendo waliitoa Japani Julai 1983, wakaiita Famicom. Sisi tunaanza kugombania pedi zake, wenzetu kule wameshaletewa PlayStation, Desemba 1994. Tulikuwa nyuma, sikatai. Ila tusijidharau sana, maana Wajapani hao hao hawakuacha kuitengeneza hadi 2003.

Kwanza niseme hivi: nani kati yetu aliwahi kushika Nintendo halisi? Hakuna. Yupo mmoja anadai mjomba wake alikuwa baharia, tumsamehe. Zetu zote zilikuwa feki. Viwanda vya Asia vilizichukua zile chipu za Wajapani, vikazibana zote kwenye chipu moja na kuifunika kwa tone la gundi nyeusi. Fundi redio, ambaye kijiwe hiki kiko kwenye baraza ya duka lake, anasema akifungua mashine na kukuta lile tone alikuwa anafunga tena na kumwambia mteja apeleke kwa Mungu. Alichotengeneza yeye ni pedi: waya unaokatikia shingoni, na mpira wa chini ya vitufe uliochoka, ambao aliuvisha karatasi ya fedha kutoka kwenye pakiti ya sigara ukafanya kazi tena.

Na maboksi yake! Boksi lina picha ya gemu ambazo ndani hazimo. Kuna mashine iliandikwa PolyStation, umbo lote la PlayStation, mpaka kifuniko cha sidii. Watoto wa mtaa mnaitwa, mnakaa chini, mwenyewe anafunua kifuniko kwa madaha, mnakuta tundu la kaseti. Ni ileile Famicom imevaa kanzu ya mwenzake. Kaseti nayo imeandikwa ina gemu 9,999,999. Ukiifungua, gemu ya kwanza ni Mario, ya saba ni Mario aliyeanzia mawinguni, ya kumi na tatu ni Mario anayeelea hewani hashuki. Ukiondoa marudio zinabaki tano sita, na moja kati yake haifunguki.

Dogo akacheka: "Kwa hiyo mnakumbuka vitu feki?" Ndiyo. Siku hizi Nintendo wenyewe wamegundua kwamba watu wazima wana hela na wana kumbukumbu. 2016 wakatoa kimashine kidogo kinachofanana na kile cha zamani, gemu 30 ndani, watu wakakigombania huko Ulaya na Marekani. Mimi hakikunigusa. Kile ni cha utoto wa watu wengine. Wangu ulikuwa na gundi nyeusi.

Basi, tukaingia kwenye kupuliza. Gemu ikigoma, unachomoa kaseti, unaipuliza, unairudisha. Kila mtaa ulikuwa na bingwa wake wa kupuliza. Fundi redio akaharibu starehe: eti pumzi haikusaidia kitu, ina unyevunyevu, na unyevu unakula shaba. Kilichosaidia ni kule kuchomoa na kuchomeka, meno ya kaseti yakakutana vizuri na ya mashine. Anasema hata Nintendo waliwakataza watu wasipulize. Kijiwe kizima kikasonya. Tulimheshimu bingwa wetu utoto mzima, leo useme alikuwa anatema mate tu?

Tusimsahau mama. Mama alishika nadharia kwamba gemu inaharibu TV, inakula rangi, na hakuna mtu aliyeweza kumtoa hapo. Kwa hiyo gemu ilichezwa akitoka, na akirudi kila kitu kiwe mahali pake: mashine uvunguni, waya wa antena umerudishwa, na kile kitambaa cha kufuma kimelazwa juu ya TV, ncha yake ikining'inia palepale katikati ya kioo. Halafu mnakaa kwenye makochi na madaftari, macho makavu. Mama anaingia, anawasalimu, hasemi neno, anakwenda moja kwa moja nyuma ya TV na kuweka kiganja. Moto! Hakuna mwanasheria angetuokoa. Wapo waliojifunza kugeuzia feni nyuma ya TV robo saa kabla; yule mama wa jirani yetu alipogundua, akaanza kupima na feni.

Bunduki sasa. Mnaikumbuka Duck Hunt ya 1984, bata wanaruka, unawalenga? Na lile jibwa linaloinuka kwenye nyasi kukucheka ukikosa? Nina uhakika hakuna kiumbe wa kwenye televisheni aliyetukanwa na watoto wa nchi hii kuliko jibwa lile. Sasa sikiliza fundi anavyoeleza, hapo nilimvulia kofia. Bunduki ilikuwa haipigi kitu, ilikuwa inatazama. Ukivuta, kioo kinakuwa cheusi kufumba na kufumbua, kisha pale alipo bata panatokea kibonge cheupe. Bunduki ikiona giza halafu mwanga, umempata. Kwa hiyo sisi tuliobandika mtutu kwenye kioo kabisa tulikuwa tunaisogezea jicho tu. Na ndiyo sababu leo ukiileta bunduki ile kwenye TV bapa haifanyi kazi. Ilitegemea mwendo wa mwanga kwenye TV za kichogo.

Kuna siri nyingine ya bata hao: mtu wa pili mwenye pedi aliweza kumwendesha bata. Kaka mkubwa anakosa na kukosa, anapandwa na hasira, analaumu bunduki, kumbe mdogo wake nyuma ya kochi ndiye anamrusha bata huku na huku. Udugu umevunjika kwa mambo madogo kuliko hilo.

Lakini gemu iliyotufundisha tabia za watu ni ile ya vifaru, Battle City ya Namco, 1985. Vifaru viwili vya kwenu, cha njano na cha kijani. Vifaru 20 vya adui kila hatua. Na chini katikati kuna tai wenu amezungushiwa tofali. Tai akipigwa, basi, hata kama nyinyi wawili mko hai na roho tele. Hapo ndipo utamjua mtu. Kuna anayekaa kwenye tai, halindi sifa zake, analinda nyumba. Kuna anayepanda juu kutafuta vifaru vinavyometameta apate zawadi, nyuma kunaungua. Na kuna mwehu wa tatu, anayempiga mwenzake kwa bahati mbaya. Ukipigwa na mwenzako hufi, unaganda, unabaki kutazama adui anavyovunja tofali moja moja. Nimewahi kufanya kazi na watu wa aina zote tatu, na nisingeshangaa kusikia hata huko maofisini walianzia kwenye pedi.

Aliyekaa kwenye tai nyumbani kwetu alikuwa dada yangu mkubwa. Hapa niseme jambo ambalo wanaume wa kijiweni hulipita haraka. Wasichana walicheza. Nyumbani, wenzao wakiwa shule au mpirani, walicheza, na walicheza kwa akili. Dada alikuwa na uvumilivu ambao sisi hatukuwa nao: alijua risasi ya kifaru chake inabomoa tofali kwa kiasi gani, akajichongea kitundu cha kupitishia risasi, akakaa hapo. Lakini sebule ikijaa wavulana, dada hapewi pedi. "Wewe si una vyombo?" Na anakwenda kuosha vyombo kweli, huku anasikiliza tunavyokufa.

"Contra," fundi viatu akadakia, maana alianza kuona mazungumzo yanamwendea vibaya. Haya, Contra. Wanaume wawili vifua wazi, bunduki, msitu. Konami waliitoa kwenye mashine zile 1988. Ile ilikuwa ya kuvunja urafiki. Hatua ya maporomoko ya maji mnapanda, na aliye mbele akipanda haraka, kioo kinapanda naye, aliyebaki chini anakufa bila kuguswa na adui yeyote. "Ngoja! Ngoja! Ngoja we!" Hangoji. Na ikidondoka ile herufi S, bunduki inayosambaza risasi tano, hakuna aliyewahi kumwachia mwenzake.

Ilikuwa ngumu kupita kiasi, ndipo ikaja karatasi. Kila shule ilikuwa na mtu mwenye karatasi: juu juu, chini chini, kushoto kulia, kushoto kulia, B, A. Roho 30! Aliyeitunga namba ile ni Mjapani wa Konami, Kazuhisa Hashimoto. Alikuwa anaihamishia gemu ya Gradius kwenye mashine ile, 1986, akaikuta inamshinda mwenyewe hata kuijaribu, akajiwekea njia ya mkato, na njia ikabaki ndani gemu ilipotoka. Amefariki 2020. Watoto wa Temeke walimjua kwa vidole bila kumjua kwa jina. Na hata kwa roho zile 30, fundi viatu, wewe uliishia wapi?

Akainama kushona.

Nyoka wa kwenye Nokia simwekei maneno mengi. Alitungwa na Taneli Armanto, Mfini, akaanza kwenye Nokia 6110 mwaka 1997; sisi wengi tulimkuta kwenye 3310, kwenye simu ya baba, naye tulimlisha kwa wizi wizi mpaka chaji ikaisha na baba akakosa kupigiwa. Kizuri cha nyoka ni kwamba ulicheza peke yako. Kibaya chake ni hichohicho.

Mabanda ya PlayStation ndiyo yalileta hela kwenye jambo ambalo lilikuwa bure. Chumba cha bati, TV mbili tatu, pazia mlangoni, sarafu ya hamsini yenye vifaru mkononi; aliyefungwa ndiye analipa. Mashine imelazwa chali, mgongo chini tumbo juu. Dogo alidhani tunamdanganya. Ilikuwa hivyo dunia nzima: kile kijicho kinachosoma sidii kilitembea juu ya reli ya plastiki, plastiki ikapata joto ikalika, kijicho kikalala upande. Ukiigeuza mashine, kinakaa sawa tena. Mwenye banda hakusomea popote. Aligeuza, ikasoma, akaendelea kukusanya sarafu.

Humo ndimo tulipocheza Winning Eleven ya Kijapani, ya Konami haohao. Hakuna aliyejua neno la Kijapani, lakini kila mtu alijua mstari wa ngapi ni wa kubadilisha mchezaji. Mtangazaji Jon Kabira anapiga kelele zake, na nje ya banda watoto wanacheza mpira wa makaratasi wakimwigiza, Kijapani cha uongo kitupu, kwa bidii zote. Majina ya wachezaji nayo yalikuwa ya kuchakachua kwenye baadhi ya matoleo kwa sababu ya haki za majina: Roberto Carlos anaitwa Larcos. Kwenye Tekken 3 Eddy Gordo alipigwa marufuku mabanda mengi, maana hata asiyejua kitu akibonyeza ovyo, yule Mbrazili anajipindua kwa mateke mpaka bingwa anaanguka. Bingwa akianguka mbele za watu kwa mtoto wa darasa la pili, anasema pedi mbovu.

Mbele za watu. Hilo ndilo dogo hajalipata. Pale alipotuonyesha Mario wake, unajua alikuwa amekwama wapi? Dunia ya saba, ngome yake, ile hatua ya nne. Anakimbia, anakimbia, kuta zinajirudia zilezile, muda unakwisha. Anahifadhi, anarudi, anazunguka tena. Ana uzima wa milele na hana njia! Ngome ile ni ya kupotezana. Ukipita chini mahali pa kupita juu, inakurudisha mwanzo wa ujia bila kukwambia. Kutazama ndiko kulikofundisha hayo. Mmoja alikufa pale, wa dirishani akaona, kesho yake akamwambia mwingine.

"Pita juu hapo," fundi redio akasema.

"Chini kwanza, halafu juu," fundi viatu naye.

"Katikati! Mkono wa kulia wa moto!" Huyu ni muuza miwa, alikuwa anapita tu na mkokoteni wake.

Vichwa sita juu ya simu moja. Abiria akaja, akauliza mpaka Mbagala shilingi ngapi, hakujibiwa, akasimama akatazama naye. Dogo akafa kwa moto, akataka kugusa ile kona ya kioo, wakamshika mkono. "Hapana. Anza."

Na bado ubishi haukwisha, maana fundi viatu aliinua kichwa akarudia: yeye alimaliza. Kwa hiyo nikatoa mtihani. Anayesema alimaliza atuambie baada ya kumfikia binti mfalme wa mwisho, yule wa kweli, si wale waliokuwa wanatuambia yuko ngome nyingine, kinatokea nini.

"Wanaoana," fundi viatu akasema haraka mno. "Maua yanamwagika."

Fundi redio: "Yanapanda majina ya Wajapani, inaandika mwisho."

Mzee wa kahawa: "Anapewa mirathi."

Nikampigia dada. Siku hizi anauza vitenge Kariakoo. Nikaweka sauti ya nje.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Kuna msiba?"

"Hapana. Tuna ubishi. Wewe Mario uliwahi kumaliza?"

Kimya kidogo, nyuma yake mtu anapunguziwa bei. "Yaani umenipigia saa za biashara kuniuliza Mario?"

"Dada, jibu tu."

"Nilimaliza. Nyie mmelala, sauti nimeizima."

"Hakuna shahidi!" fundi viatu akaruka.

"Nani huyo anapiga kelele?"

"Achana naye. Tuambie, ukimfikia yule binti, kinatokea nini?"

"Hakuna kitu. Anakushukuru, anasema kazi yako imekwisha, halafu palepale anakupa kazi nyingine. Unabonyeza B unachagua dunia, unaanza upya. Tena vile viuyoga vya miguu vyote vimegeuka wale mende wa gamba, ambao hata moto hauwaui. Nikasema mashine imeharibika. Nikazima, nikarudisha kitambaa cha mama, nikalala."

Fundi redio alikuwa ameshaanza kutikisa kichwa taratibu. Ndivyo hasa. Hilo huwezi kulijua kwa kusimuliwa na mtaa wetu, kwa sababu mtaa wetu haukufika huko.

"Mbona hukutuambia miaka yote?"

"Mngeniamini? Haya, nina mteja hapa, anataka doti mbili." Akakata.

Dogo wa bodaboda akamtazama fundi viatu. Abiria wa Mbagala, ambaye hakuna aliyemwalika, naye akamtazama. Fundi viatu akavuta uzi, akaukata kwa meno, akasonya kwa nguvu zote alizobakiwa nazo.

"Msyuu! Sawa, Mario tumempa. Mpigie tena, mwulize Contra."